Aliye nyuma mpishe, aliye usukanini mkanye

Umetoka mjini jioni, umepita Muthaiga, na sasa uko katika leni ya kulia kabisa ya barabara kuu ya Thika. Kipimo cha mwendo chasema kilomita 100 kwa saa. Kwenye kioo waona taa mbili zikija mbio, zinakaribia mpaka huwezi tena kuona nambari ya usajili ya gari lenyewe. Taa kali zawaka na kuzima. Honi yalia. Nawe wasema moyoni, "Huyu anakwenda wapi? Mimi niko ndani ya sheria. Akitaka kuruka, na aruke." Unakaza mikono usukanini na hubanduki.

Wakati huohuo mkeo aliyeketi kando yako, ambaye tangu Pangani amekuwa akikanyaga breki isiyokuwapo, asema: "Baba Wanjiru, kwani twakimbilia wapi?"

Hapo, msomaji, una magomvi mawili kwa mpigo. Mmoja akulaumu kwa kwenda polepole, mwingine akulaumu kwa kwenda mbio, na mwendo ni uleule mmoja. Wengi wetu tuna jibu la haraka kwa wote wawili. Yule wa nyuma tusiyemjua twamkaidi, na huyu wa kando tumpendaye twamwambia anyamaze. Makala haya yanakuomba ugeuze majibu hayo, na sababu si za adabu pekee. Ni za moyo wako, ini lako, uti wako wa mgongo na maisha ya mtu anayevuka barabara pale mbele.

Tuanze na leni. Nchini Kenya twaendesha magari upande wa kushoto. Katika barabara pana maana yake ni kwamba kushoto ndiko kwa kusafiria, na kulia ni mahali pa kumpitia mwenzako kisha urudi ulikotoka. Leni ya kulia haikugawiwa watu wenye haraka, wala ya kushoto haikuwekewa wazee na malori. Ukiwa unakwenda kilomita 100 na leni ya kushoto ni tupu, mahali pako ni kushoto. Ukiwa unakwenda 70 na mbele yako pana trela linalojikokota kwa 40, mahali pako kwa sekunde hizo chache ni kulia. Kwa hiyo swali la leni na swali la mwendo ni mambo mawili, na ugomvi mwingi hutokea kwa sababu madereva huyachanganya kuwa moja.

Si ajabu kwamba twayachanganya. Barabara ya Thika, yenye urefu wa karibu kilomita 50 na leni hadi nane katika baadhi ya sehemu, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Wengi waliokuwa na leseni siku hiyo walikuwa wamezoea barabara za leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, ambako swali la leni halikuwapo kabisa. Swali lililokuwapo ni kama lori linalokuja litakuacha hai.

Tena tuseme ukweli: leni ya kushoto ina vituko vyake. Matatu husimama ghafla kuteremsha abiria, bodaboda huja kinyume, na watu hutokea penye giza ambapo hukuwatarajia. Dereva mwoga au mgeni huona heri ahamie kulia akae huko kwa amani, mpaka njia ya kutokea. Hofu yake naielewa. Lakini akiwa huko kulia kwa mwendo wa 70, wengine huanza kumpitia kwa kushoto, palepale penye matatu na wapita njia. Hatari aliyoikimbia amewasukumia watu wa miguu. Kama barabara ina leni tatu, ya katikati yatosha kumpa utulivu anaoutafuta.

Kuna na dereva wa aina ya pili, ambaye yeye si mwoga. Huyu amekaa kulia makusudi. Anakwenda kwa mwendo wa juu kabisa ulioruhusiwa na haoni sababu ya kumpisha mtu anayetaka kuvunja sheria. Sheria anaijua: magari madogo yaruhusiwa hadi kilomita 110 kwa saa katika barabara pana zilizotenganishwa, matatu, mabasi na malori makubwa 80, na mijini 50. Mahali palipo na kibao cha mwendo wa chini zaidi, kibao ndicho cha kufuatwa. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imewekewa 80. Yote hayo dereva wetu ayajua, na hana kosa la mwendo. Kosa lake ni kujifanya polisi wa trafiki bila sare.

Kwanza, hata kipimo chake chaweza kumdanganya. Watengenezaji wa magari huweka kipimo kisome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa kuwa kanuni za kimataifa zakataza kisome chini. Anayeona 110 huenda yuko 104. Pili, hajui aliye nyuma ana nini. Aghalabu ni mtu asiye na maana yoyote ya kukimbia, nakubali, lakini mara moja moja ni mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa aliyelala kiti cha nyuma. Tatu, na hili ndilo kubwa, gari lililo mita tano nyuma yako haliwezi kusimama ukifunga breki. Ukiendelea kumziba, hukumfundisha chochote. Umemweka tu mahali ambapo kosa lake litavunja shingo yako.

Ujerumani, ambako sehemu kubwa ya barabara kuu hazina kikomo cha lazima na tangu mwaka 1978 madereva hushauriwa tu wasizidi 130, hawachezi na jambo hili. Kuendelea kukaa katika leni ya kupitia bila sababu ni kosa, na kumbana mtu kwa nyuma huku ukimmulika taa kwaweza kukupeleka kortini kama mhalifu. Wote wawili wana hatia, anayeziba na anayesukuma. Sisi kwetu kila mmoja hujiona ndiye mwenye haki peke yake.

Wapenda kasi nao wana hoja yao, na huitoa kwa kujiamini sana. Husema anayeua si mwenye kasi bali ni mwenye kwenda tofauti na wenzake. Hoja hii ina asili. Mwaka 1964 mtafiti David Solomon wa Marekani alichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa magari yaliyokwenda mbio sana, na yaliyokwenda polepole sana kuliko mengine, yalipata ajali zaidi. Waliokuja kuipitia hesabu hiyo baadaye waligundua kwamba mengi ya magari hayo ya polepole yalikuwa yakikata kona au yakiingia na kutoka barabarani. Yalipoondolewa, upande wa polepole ukapungua ubaya. Upande wa kasi ukabaki na ubaya wake.

Hesabu ambayo haidanganyi

Sasa tumgeukie mwenzako wa kiti cha kando, maana yeye ndiye mwenye hoja nzito.

Binadamu akiona jambo la hatari huchukua kiasi cha sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujaanza kazi kwenye breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwisha kwenda mita 33 katika muda huo. Kisha breki hushika, na kwa gari zima, tairi nzuri na lami kavu, huchukua mita 35 nyingine kusimama. Jumla ni mita 68. Kwa kilomita 100 hesabu hiyohiyo yatoa mita 97. Kwa 120 ni karibu mita 129, urefu unaozidi uwanja wa kandanda.

Fikiri sasa mtoto wa shule ameingia barabarani mita 70 mbele. Aliyekuwa akienda 80 amesimama, magoti yakimtetemeka, lakini mtoto yu hai. Aliyekuwa akienda 100, akiwa na gari lilelile na breki zilezile, afikapo mahali ambapo mwenzake amesimama bado ana mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi itakayompata mtoto. Tofauti ya 20 kwenye kipimo imegeuka kuwa 70 kwenye mwili wa mtu. Hesabu hii hata mwanafunzi wa fizikia wa sekondari aweza kuikagua, na ningependa kila dereva aifanye kwa mkono wake mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Shirika la Afya Duniani lasema hatari ya kifo kwa mtu wa miguu anayegongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65. Shirika hilo lasema pia kwamba kila wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne. Hapa kwetu wanaokufa wengi zaidi barabarani ni watu wa miguu, si wenye magari. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba mwendo wake ni shauri lake mwenyewe.

Ndani ya gari nako mambo si mepesi. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 100 kimo si mara mbili. Ni mara nne, karibu mita 40, kwa kuwa nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo. Mkanda wa usalama huokoa watu wengi, nawe usiwashe gari kabla ya kila mtu kufunga wake, wa nyuma pia. Hata hivyo mkanda hushika mifupa ya kifua na nyonga tu. Hauwezi kushika viungo vilivyo ndani. Mwili unaposimama ghafla, ubongo waendelea na safari hadi ugonge fuvu. Ini na wengu hupasuka na kuvuja damu ndani kwa ndani, huku mtu amekaa akisema haumwi sana. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ambao una sehemu iliyofungwa imara na sehemu inayoning'inia, huweza kuchanika mahali hapo pawili panapokutana. Wengi wanaochanika hivyo hawafiki hospitali. Ndiyo sababu majeruhi wa ajali ya kasi apaswa kuchunguzwa na daktari hata kama anatembea na kuongea.

Na yote haya ni kwa ajili ya nini? Chukua safari ya kilomita 40, karibu kutoka Muthaiga hadi mjini Thika. Kwa 80 ni dakika 30. Kwa 100 ni dakika 24. Kwa 120 ni dakika 20. Ukipanda kutoka 100 hadi 120 umeokoa dakika nne, kama hukukuta msongamano, na msongamano hukukosa kuukuta.

Ugumu ni kwamba macho ya dereva humdanganya. Ukiendesha kwa 110 kwa nusu saa, akili huizoea kasi hiyo. Ukipunguza hadi 70 waona kana kwamba gari limesimama, na waweza kuteremka hadi barabara ya mtaani bado uko 70 ukidhani uko 50. Abiria, ambaye hana usukani wa kumpa hisia ya kutawala, huona kasi ile kwa macho ambayo hayajazoea. Hofu yake mara nyingi ni kipimo bora kuliko ujasiri wako. Magari yetu mengi yalitoka Japani yakiwa na kipimo kilichoandikwa hadi 180, na kuna wanaume wanaoona haya kutokaribia nambari hiyo.

Abiria asinyamaze

Tangu Februari 2004, wakati wa kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, matatu na mabasi yametakiwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 pamoja na mikanda. Kila mtu ajua jinsi vidhibiti hivyo vinavyochezewa. Lakini kuna kidhibiti kingine ambacho fundi hawezi kukichezea, nacho ni mdomo wa abiria.

Jambo hili lilijaribiwa hapa Kenya. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Matatu nyingine hazikubandikwa, ili zilinganishwe. Ili madereva wasivibandue, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki kwa gari ambalo bado lilikuwa navyo. Basi madai ya bima ya ajali yakashuka kwa nusu hadi thuluthi mbili katika matatu zenye vibandiko. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, chini ya kampeni iliyoitwa Zusha, lilitoa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015: madai yalipungua kwa robo hadi thuluthi moja. Kipande cha karatasi ndicho kilichofanya hivyo, kwa sababu kilimpa abiria ruhusa ya kusema lile alilokuwa akilimeza.

Mtu peke yake akisema, kondakta humjibu kwa kejeli, amwambie ashuke akachukue teksi. Wakisema watatu kutoka viti mbalimbali, dereva hupunguza. Kwa hiyo ukimsikia mama mmoja nyuma akilalamika, usitazame dirishani kana kwamba hukusikia. Mwunge mkono kwa neno moja tu: "Punguza, dereva."

Katika gari la nyumbani kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hapa pana ndoa na heshima. Usimwambie mumeo hajui kuendesha. Hapo atakanyaga mafuta akuonyeshe. Mwambie "naogopa," au "kichwa chaniuma kwa mwendo huu," kwa maana hofu yako hana la kubishana nayo. Usiseme akiwa katikati ya kumpita lori, ngoja arudi kushoto. Bora zaidi, mpatane kabla ya kuondoka nyumbani kwamba safari hii hatutazidi 90, kwa kuwa ahadi iliyotolewa mbele ya watoto ni vigumu kuivunja mbele ya watoto. Vilevile mke akiwa ndiye dereva na mume ndiye anayeshikilia mlango, kanuni ni ileile. Na mzazi aliyepanda gari la mwanawe asione aibu kusema. Neno la mzee hapa lina uzito wake.

Yule wa nyuma mwenye taa kali anahitaji tiba tofauti. Usimtazame kwenye kioo kila sekunde, wala usigusie breki ili kumtisha. Usiongeze kasi kumridhisha, kwa kuwa atakufuata hukohuko na sasa nyote mwakimbia. Tazama kushoto, washa kiashiria, hama pakiwa wazi, mwache aende. Pasipokuwa wazi, inua mguu kidogo kidogo ili uongeze nafasi mbele yako, maana wewe sasa wahitaji nafasi ya kusimama kwa niaba ya watu wawili.

Nafasi ya kawaida ni sekunde mbili. Gari la mbele likipita mlingoti, sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiufikia mlingoti kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne. Najua utasema ukiacha nafasi hiyo Nairobi, matatu itaingia. Ndiyo, itaingia. Kila gari likiingia mbele yako umepoteza sekunde mbili, na hata yakiingia kumi hujapoteza nusu dakika.

Hasira yenyewe nayo ni ugonjwa. Ukikasirika, mwili hutoa adrenalini, moyo huenda mbio, mishipa hukaza na presha hupanda, kana kwamba umekutana na simba. Zamani ungekimbia au kupigana, nguvu zile zikaisha. Ndani ya gari umefungwa mkanda na zinabaki mwilini. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba katika saa mbili baada ya hasira kali hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka, hasa kwa wenye presha, sukari au moyo uliokwisha kuugua. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanashuka mkononi au jasho jembamba linakutoka, usijilazimishe kufika nyumbani; egesha gari kando salama, washa taa za hatari, uite msaada.

Na kama safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kliniki kupimwa presha, mwambie muuguzi ulivyotoka barabarani, uketi kimya angalau dakika tano, mgongo ukiegemea kiti na miguu ikigusa sakafu, ndipo akufunge kile kitambaa mkononi. Pasipo hivyo waweza kuongezewa vidonge kwa sababu ya dereva mmoja wa Githurai.